Protini za utando wa seli za ubongo: mbona panya mchanga na panya mkubwa hawafanani kabisa kwenye jeli?

Seli_Mbichi

Wakuu salama? Naomba wenye uzoefu na protini za ubongo mnisaidie, nimekaa naangalia picha hapa naona kama najidanganya.

Iko hivi. Nafanya mradi wa kuangalia protini za utando wa seli za ubongo wa panya zinavyobadilika kuanzia akiwa bado tumboni, siku ya kuzaliwa, wiki ya kwanza, wiki ya tatu mpaka akiwa mkubwa. Nimechukua ubongo mzima, nikasaga kwenye barafu na dawa za kuzuia vimeng'enya vinavyokula protini, nikapitisha kwenye sentrifuji nikatupa viini vya seli, nikabaki na tando, nikapima protini, nikapakia kwenye jeli (ile inayotenganisha protini kwa uzito, nyepesi zinakimbia chini, nzito zinabaki juu), kila leni, yani njia ya sampuli moja, mikrogramu 20. Mpaka hapo kila kitu poa.

Sasa nikaweka kingamwili ya NCAM (inanasa protini hiyo na kuionyesha kama mstari mweusi, yani bendi), ile protini inayoshikanisha seli na seli. Leni ya panya mkubwa imetoa bendi tatu safi, 180, 140 na 120 kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) kama vitabu vinavyosema. Leni za watoto majanga. Hakuna bendi ya maana, kuna ukungu tu mrefu unaoanzia kama 180 unapanda mpaka unapita 250 huko karibu na mdomo wa jeli, mweusi tii. Nimerudia na watoto wa mama mwingine, ukungu uleule. Mwenzangu wa maabara anasema protini zimeoza nitupe nianze upya.

Pili, kila ninaposoma naambiwa kipokezi cha NMDA (mlango kwenye utando wa nyuroni unaofunguliwa na ishara ya kusisimua) utotoni kinatumia kipande cha GluN2B afu ukubwani kinabadilishwa inawekwa GluN2A. Nikapima vyote viwili. GluN2A kweli, siku ya kuzaliwa karibu hakuna kitu, wiki ya tatu imejaa. Lakini GluN2B kwa panya mkubwa bado ipo, tena ya kutosha! Sa hapo kilichobadilishwa ni nini?

Na la mwisho msinicheke: nani anaiambia seli toa hii weka hii? Maana nyuroni zikishazaliwa hazigawanyiki tena, ni seli ileile imekaa hapohapo, inabadilishaje ngozi yake huku inafanya kazi?

MzeeWaSentrifuji

Usitupe chochote kijana. Protini ikioza inakatika vipande vidogo, na vipande vidogo vinakimbia kwenda CHINI ya jeli. Wewe ukungu wako umepanda juu. Hicho kitu hakijapungua uzito, kimeongezewa, na kilichoongezewa ni sukari.

NCAM ya ubongo mchanga inavalishwa minyororo mirefu ya asidi ya sialiki, moja baada ya nyingine, mnyororo mmoja unaweza kufika makumi ya vipande na hata kuzidi. Na haivalishwi kwa urefu sawa, molekuli hii ina mnyororo mrefu, jirani yake mfupi, nyingine katikati, ndo maana hupati bendi moja iliyokaa sehemu moja unapata ukungu. Hii kitu inajulikana toka miaka ya 1980 mwanzoni, kundi la Edelman lilipopima walikuta NCAM ya kiinitete ina kama gramu 30 za asidi ya sialiki kwa kila gramu 100 za protini, ya mkubwa kama 10 tu. Protini yenyewe chini ya hiyo sukari ni ileile, jini ileile.

Ukitaka kumfunga mdomo huyo mwenzako tafuta kimeng'enya kinaitwa endo-N. Kinatoka kwenye virusi vinavyoshambulia bakteria na kazi yake ni kukata hiyo minyororo tu basi. Gawa sampuli yako ya mtoto mara mbili, nusu weka endo-N nusu usiweke, pakia leni zikae jirani. Ile yenye endo-N ukungu utaporomoka na utaona bendi ya 180 na ya 140 zimetulia pale. Ya 120 usishangae ikikosekana au ikawa hafifu, ile haina mkia wa kuingia ndani ya seli, imeshikizwa kwenye utando kwa nanga ya mafuta, na inakuja zaidi baadaye seli za glia, zile zinazohudumia nyuroni, zinapoongezeka. Bendi hizo tatu zote zinatoka kwenye jini moja linalokatwa na kuungwa kwa namna tofauti, kwahiyo hata uwiano wa hizo tatu wenyewe ni tokeo, usiupuuze.

Sasa kwa nini ubongo ujisumbue kuvalisha protini sukari kiasi hicho afu baadaye uivue? Hiyo minyororo ina chaji hasi nyingi na inavuta maji mengi sana, inachukua nafasi kubwa kati ya utando na utando, kwahiyo seli mbili haziwezi kubanana. Seli inayosafiri, au mkia wa neva unaotafuta njia, haitaki kunasa kwa kila anayekutana naye njiani. Ikishafika na kutulia sukari inapungua, NCAM inabaki wazi, seli zinashikana. Panya waliotolewa jini la NCAM wanaishi, ila ile sehemu ya mbele ya ubongo ya kunusa inakuwa ndogo kwa sababu seli zinazotakiwa kusafiri kwenda huko zinakwama njiani.

Na kuna jaribio moja mimi kila nikilikumbuka nalipenda. Minyororo hiyo inajengwa na vimeng'enya viwili, ST8SIA2 na ST8SIA4. Wakatengeneza panya wasio na vyote viwili, yani NCAM ipo ila iko uchi tangu mwanzo. Wengi wakafa ndani ya wiki chache za kwanza. Wakaja kuondoa na NCAM yenyewe kwa panya haohao, wakaishi! Wana matatizo mengine, sikatai, lakini wanaishi. Maana yake kilichokuwa kinaua si kukosa sukari, ni NCAM kuwa wazi kabla ya wakati wake.

Ukubwani sukari haiishi kabisa. Inabaki sehemu zenye mabadiliko yasiyokwisha, kama hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu) na ile njia ya seli changa zinazoelekea sehemu ya kunusa. Ukisaga ubongo mzima hutaiona vizuri, imezama kwenye vingine.

daktari_wa_vichanga

Naongezea kidogo kwa Mzee hapo juu kabla sijaondoka. Minyororo hiyohiyo ya sialiki ndo koti la nje la bakteria wa E. koli aina ya K1, mmoja wa wanaosababisha homa ya uti wa mgongo kwa vichanga, na la meningokokasi kundi B pia. Mwili unaliona koti hilo kama mali yake wenyewe kwa sababu ubongo wake mwenyewe umeshalivaa, kinga haishtuki. Ndo sababu chanjo ya meningokokasi B haikuweza kutengenezwa kwa sukari ya koti kama walivyofanya kwa makundi mengine, ikabidi watafute protini za bakteria. Na kile kimeng'enya endo-N, virusi vyake vinakitumia kutoboa koti la huyohuyo K1. Nitarudi jioni kuna kitu nataka kusema kuhusu degedege.

Bendi_Hafifu

Mi nijibu la GluN2B maana nimelala nalo sana hilo.

Mkuu tatizo liko kwenye sentensi uliyosoma, siyo kwenye jeli yako. Wanaandika "inabadilishwa" kama vile moja inatoka nyingine inaingia na mchezo umeisha. Kwenye gamba la ubongo na hipokampasi GluN2B haiondoki, inabaki maisha yote. Kinachobadilika ni uwiano, GluN2A inatoka karibu sifuri inapanda sana, na pia MAHALI ilipo GluN2B inabadilika, inapungua pale katikati ya sinapsi (makutano ya nyuroni na nyuroni) na sehemu kubwa inabaki pembeni au inarudishwa ndani. Serebelamu, ubongo mdogo wa nyuma, ndo hadithi nyingine, zile seli zake ndogondogo za punje zinaiacha GluN2B karibu yote ukubwani. We umesaga vyote pamoja, serebelamu, gamba, shina la ubongo, umepata wastani wa watu wasiojuana. Tenganisha serebelamu na gamba la mbele afu pima tena, picha itakuwa mbili tofauti kabisa.

Lingine ambalo watu wengi wanalipita: tando zako si za nje peke yake. Ukisaga na kupiga sentrifuji ya kawaida unapata utando wa nje, wa ndani, vifuko, mitokondria, kila kitu. Kipokezi kilichoko juu ya seli na kilichoko ndani kinasubiri zamu vinatoka bendi moja. Ukitaka za juu tu inabidi seli au vipande vya ubongo vikiwa hai uvimwagie biotini isiyopenya, inang'ang'ania protini za nje peke yake, afu unazivua kwa stereptavidini, protini inayoshika biotini. Kazi ngumu kwa watoto wachanga maana tishu ni laini mno lakini inawezekana.

Na la tatu, mielini, ule utando wa mafuta unaozungushiwa mikia ya neva. Panya wa siku moja hana mielini ya maana, panya mkubwa ubongo wake umejaa. Ukipakia mikrogramu 20 za tando za mtoto, karibu zote ni za nyuroni na seli changa. Ukipakia mikrogramu 20 za mkubwa, sehemu yake kubwa ni protini za mielini, kwahiyo za nyuroni umezipunguza bila kutaka. Mtu anaona bendi imefifia anaandika kwamba protini imeshuka kumbe imechanganywa tu na nyingine. Ondoa mielini kwa ngazi za sukrozi kwanza. Na usitegemee aktini au tubulini, zile protini za mifupa ya seli, kama kipimo cha usawa kwenye utafiti wa makuzi, zenyewe zinabadilika na umri. Paka rangi ya Ponceau uhesabu protini yote ya leni, ina aibu kidogo ila haidanganyi.

Kwa nini uwiano huo una maana? Kipokezi chenye GluN2B kikifunguka kinachelewa kufunga, mkondo wake unadumu mamia ya milisekunde, chenye GluN2A ni makumi tu. Utotoni ishara mbili zinazokuja kwa kupishana kidogo bado zinakutana dirisha likiwa wazi, kalsiamu inaingia, sinapsi inaimarika. Ukubwani dirisha fupi, zisipokuja pamoja hasa hazikutani. Pia GluN2B inashika vizuri zaidi kimeng'enya cha CaMKII ambacho ndo kiini cha kuimarisha sinapsi. Panya wasio na GluN2B kabisa wanakufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, hata kunyonya hawawezi. Wasio na GluN2A wanaishi.

mdadisi_huru

Nawasoma kimya kimya ila niulize swali la mtu wa nje. Yote haya ni panya. Binadamu inamhusu nini? Na je ni ratiba tu imeandikwa kwenye jini, siku ya kumi na nne toa hiki weka kile, au maisha ya mtoto yana mchango?

Bendi_Hafifu

Maisha yana mchango mkubwa, na kwa GluN2A ushahidi ni mzuri kweli. Panya wakilelewa gizani totoro, kwenye gamba la kuona GluN2A inachelewa kuongezeka. Watoe uwaweke kwenye mwanga, ndani ya masaa machache tu GluN2A imeongezeka kwenye sinapsi. Warudishe gizani siku kadhaa, inaanza kurudi nyuma. Hii ilichapishwa 1999. Kwahiyo ratiba ipo lakini mkono wa saa unasukumwa na macho yenyewe kuona. Ukiunganisha na kazi za Hubel na Wiesel, wale waliofunga jicho moja la paka mchanga na kuona gamba la ubongo linahamia kwa jicho lililobaki wazi, wakapata Nobeli 1981, unaanza kuona kwa nini dirisha la umri lina mwisho, japo protini hii peke yake haitoshi kueleza kufungwa kwa dirisha, kuna mengine mengi, usije ukaandika kwenye mradi kwamba GluN2A ndo inafunga.

Lingine, kwenye hipokampasi kuna protini inaitwa REST inayokaa juu ya jini la GluN2B na kulizima kidogo karibu wiki mbili baada ya kuzaliwa. Watoto wa panya waliokuwa wanatengwa na mama yao kila siku, REST haikufanya kazi yake ipasavyo na mabadiliko hayakukamilika. Mama tu hapo, hakuna sumu hakuna dawa.

daktari_wa_vichanga

Nimerudi. @mdadisi_huru swali lako ndo la kwangu, mi si mtu wa jeli mi natibu vichanga.

Chukua GABA, kemikali ambayo nyuroni zinatumia kupelekeana ishara. Kwa mtu mzima GABA ndo breki ya ubongo, na dawa nyingi za kuzuia degedege zinafanya kazi kwa kuongeza nguvu yake, fenobabitali mojawapo. Sasa kichanga, hasa njiti, akipata degedege tunampa fenobabitali na mara nyingi haitoshi, au mwili unatulia wakati kipimo cha umeme wa ubongo kinaonyesha degedege linaendelea kimyakimya. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanaona tu bila kuelewa.

Sehemu ya jibu iko kwenye protini mbili za utando. NKCC1 inaingiza kloraidi ndani ya seli, inavuta sodiamu moja, potasiamu moja na kloraidi mbili kwa mpigo. KCC2 inatoa kloraidi nje ikiisindikiza na potasiamu. Ubongo mchanga una NKCC1 inayofanya kazi na KCC2 kidogo, kwahiyo kloraidi imejaa ndani. Kipokezi cha GABA chenyewe ni mlango tu wa kloraidi. Mlango wa ukumbi ukifunguliwa, watu watatoka au wataingia kutegemea upande gani umejaa, mlango hauchagui. Kwa mtu mzima kloraidi inaingia, seli inazidi kuwa hasi, inatulia. Kwa mchanga inatoka, seli inasogea kwenye upande wa kusisimka. Ben-Ari na wenzake walilionyesha hili kwenye hipokampasi ya panya 1989, na 1999 ndo ikaonyeshwa wazi kwamba KCC2 ndiyo inayogeuza mambo.

Kwa panya mgeuko huo unatokea ndani ya wiki mbili za kwanza hivi kwenye gamba la ubongo. Kwa binadamu KCC2 inapanda kuanzia miezi ya mwisho ya ujauzito na kuendelea baada ya kuzaliwa. Kwahiyo njiti wa wiki 28 na mtoto aliyetimiza miezi si kitu kimoja, utando wa seli zao haufanani, hata kama dawa na dozi kwa kilo ni ileile.

Na usidhani tukijua sababu basi tiba imepatikana. Bumetanidi, dawa ya kukojosha ya siku nyingi, inaziba NKCC1. Wazo likawa mpe mtoto bumetanidi, kloraidi ipungue ndani, fenobabitali ifanye kazi. Kwenye panya ilivutia. Wakajaribu Ulaya kwa vichanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, matokeo yakatoka 2015: jaribio lilisitishwa mapema, degedege halikupungua kama walivyotarajia na baadhi ya watoto wakapata shida ya kusikia. NKCC1 iko pia kwenye sikio la ndani, inahusika na kutengeneza yale maji yenye potasiamu nyingi, na dawa yenyewe hata kupenya kuingia kwenye ubongo ni kwa shida. Mimi hilo limenifanya niwe mgumu kidogo kila mtu akija na mchoro mzuri wenye mishale.

MzeeWaSentrifuji

Daktari nakuunga mkono ila niweke tahadhari, kuna watu wakisoma hapa wataondoka wanasema GABA inasisimua watoto. Kusogeza chaji ya utando na kusisimua mtandao mzima ni vitu viwili. Mlango wa GABA ukiwa wazi unavujisha mkondo, hata kama umeisogeza seli kidogo kuelekea juu unaweza bado kuzuia ishara nyingine isifike kileleni. Kwenye vipande vya ubongo vilivyokatwa GABA inaonekana ya kusisimua sana, lakini kukata kwenyewe kunaumiza seli na seli iliyoumia inajaza kloraidi. Walipopima ndani ya panya wachanga walio hai walikuta seli za gamba zinasogea juu kweli, ila kwa ujumla shughuli ya mtandao inazuiwa. Tena inategemea eneo. Shina la ubongo na uti wa mgongo vinatangulia, panya wasio na KCC2 kabisa wanakufa dakika chache baada ya kuzaliwa kwa sababu hawawezi kupumua, ina maana siku ya kuzaliwa kuna sehemu inaihitaji tayari.

daktari_wa_vichanga

Sahihi kabisa, hilo la kuzuia kwa kuvujisha hata sisi wodini tunalisahau.

Nimalizie na chaneli za sodiamu maana hizi zinaonekana kwa macho kwenye familia. Mwanzoni mwa mkia wa neva, pale ishara inapowashwa, utotoni inatawala Nav1.2, baadaye Nav1.6 inachukua nafasi kubwa ya pale. Kuna watoto wenye hitilafu kwenye jini la Nav1.2 wanapata degedege siku au miezi ya mwanzo, familia inachanganyikiwa, afu linaisha lenyewe mtoto akikaribia mwaka au miaka miwili. Maelezo yanayokubalika ni kwamba Nav1.6 imeingia ikapunguza uzito wa ile mbovu. Si hitilafu zote za jini hilo ni nyepesi hivyo, kuna kali sana, lakini hizi zipo.

Kinyume chake Nav1.1. Hiyo inaongezeka baada ya kuzaliwa, na inategemewa sana na nyuroni za kuzuia. Mtoto mwenye jini bovu la Nav1.1 anazaliwa mzima, miezi ya kwanza hakuna kitu, afu karibu miezi sita homa kidogo tu degedege la muda mrefu. Huo ni ugonjwa wa Dravet. Jini lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, ila protini yake ilikuwa haijaanza kubeba mzigo. Na ukimpa dawa za kuziba chaneli za sodiamu kama kabamazepini mara nyingi unamzidishia, kwa sababu unaziba zilezile chache zilizobaki za nyuroni za kuzuia.

mdadisi_huru

Hii ya Dravet imenipiga. Asante daktari.

Seli_Mbichi

Wakuu nimejifunza zaidi ya muhula mzima hapa. Ila la tatu bado mmenigusia tu, nani anabadilisha? REST nimeelewa inazima jini. Lakini protini iliyokwishakaa kwenye utando inaondokaje?

Bendi_Hafifu

Utando haukai umetulia mkuu, protini zinaingia na kutoka muda wote, zinamezwa ndani, nyingine zinarudishwa juu nyingine zinavunjwa. Kwahiyo seli haihitaji kung'oa yote kwa siku moja, inabadilisha tu kinacholetwa na inayoshikiliwa muda mrefu. Kwa GluN2B kuna kimeng'enya kinaitwa kasein kinesi 2 kinaweka fosfeti kwenye mkia wake, karibu kabisa na ncha, mkia unaachia protini inayoushikilia chini ya sinapsi, kipokezi kinamezwa. Na hao washikiliaji wenyewe wanabadilika, utotoni anatawala SAP102, baadaye PSD-95. Ukiwa na kingamwili zao pima na hao, bendi zinatoka nzuri na zinaelezea hadithi yote kwa leni chache.

Na si kila mara ni siku au wiki. Mkia wa neva unaokua kwenye uti wa mgongo kuvuka kwenda upande wa pili, kabla ya kuvuka hausikii ishara ya kufukuza iliyopo pale mstari wa kati, protini inaitwa Slit. Ukishavuka tu, kipokezi chake Robo kinaongezeka juu ya utando na sasa Slit inaufukuza, hauwezi kurudi ulikotoka. Kwa nzi kuna protini kabisa, Comm, inayoipeleka Robo kuvunjwa kabla haijafika juu, ikizimwa Robo inapanda. Seli moja, mkia mmoja, ngozi tofauti kabla na baada ya kuvuka mstari.

Seli_Mbichi

Basi mpango wangu: endo-N kwa sampuli za watoto, serebelamu nitenge na gamba, niondoe mielini, Ponceau badala ya aktini. Na nimeshawishika niongeze KCC2. Kuna mtego wowote huko?

MzeeWaSentrifuji

Upo. KCC2 inapita kwenye utando mara 12, ukiichemsha nyuzi 95 kama ulivyozoea inagandamana yenyewe kwa yenyewe na inabaki juu haiingii kwenye jeli, utaandika panya mkubwa hana KCC2 wakati imekwama mdomoni. Usichemshe, weka nyuzi 37 nusu saa inatosha. Na usikate karatasi ya bloti (ile protini za jeli zinapohamishiwa) pale 150, kuna bendi ya KCC2 moja moja karibu 140 na nyingine ya zilizoungana karibu maradufu yake, na hiyo ya kuungana inaongezeka na umri. Hesabu zote mbili.